MAJI, KABONI NA HAKI: TUPIME KABLA YA KUHUKUMU

Mada iliyosomwa kwa wanasemina wa Haki na Amani





Mada tuliyopewa ni ya mazingira, na huenda baadhi yetu wanajiuliza Tume yetu ina shughuli gani na hesabu za maji na hewa. Tumezoea kuitwa palipo na mjane aliyenyang'anywa mirathi, mahabusu aliyesahaulika au mpaka wa shamba unaogombewa. Hesabu za maji na hewa tumewaachia mabwana shamba na maprofesa. Katika mada hii twataka kuonyesha kwamba hesabu hizo zatuhusu, tena kwa karibu. Mto unapokauka, hutafutwa wa kulaumiwa. Na akishalaumiwa, huadhibiwa. Ikiwa hakuna aliyepima kabla ya lawama kutamkwa, basi adhabu humwangukia asiye na mtetezi, hata kama si yeye aliyeyachukua maji.

Mfano wetu utakuwa Bonde la Usangu, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, na mto uitwao Ruaha Mkuu. Lakini kabla ya kufika huko yatupasa tuelewe kwanza jambo moja la maumbile.

1. Mlango mmoja wa maji na kaboni

Kaboni ni kiini cha kila kilicho hai. Imo katika mti, katika punje ya mpunga, katika nyama ya ng'ombe na katika mwili wa mwanadamu. Mimea huipata kutoka hewani, ikiwa katika hali ya hewa ya ukaa, na kwa nguvu za jua huigeuza kuwa chakula na mbao. Baadaye kaboni hiyo hurudi hewani: kwa pumzi za viumbe, kwa kuoza kwa majani na kwa moto. Maji nayo yana safari yake: hushuka kama mvua, huzama ardhini, hupanda kwa mizizi, hutoka majanini kama mvuke na kurudi mawinguni.

Safari hizi mbili hukutana katika jani. Chini ya jani kuna vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Jani likitaka hewa ya ukaa, hufungua vitundu hivyo. Na vikiwa wazi, maji hutoka. Kwa kila chembe moja ya hewa ya ukaa inayoingia, mamia ya chembe za maji hutoka. Mlango ni mmoja, na ushuru wake hulipwa kwa maji. Kwa hiyo hakuna shamba linalokua wala msitu unaositawi pasipo maji kutumika.

Chini ya ardhi pia safari hizo hufungamana. Mahali palipofunikwa na maji mwaka mzima, nyasi na matete hufa na kuzama topeni. Na kwa kuwa hewa haifiki huko, hayaozi upesi. Kaboni hujiweka akiba katika tope jeusi, mwaka hata mwaka. Maji yakiondoka, hewa huingia, vijidudu huanza kazi ya kuozesha, na moto wa kiangazi humaliza kilichosalia. Akiba iliyowekwa kwa vizazi vingi yaweza kutumika katika miaka michache. Ni kweli kwamba tope lenye maji, na majaruba ya mpunga vilevile, hutoa hewa nyingine iitwayo methani, ambayo nayo huongeza joto la dunia. Ndiyo sababu hesabu hii haifanywi kwa kukisia.

Mwaka 1958, mtaalamu wa Marekani aitwaye Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Wakati huo, katika kila sehemu milioni za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi. Leo zimepita 420. Ongezeko hilo latokana hasa na kuchomwa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kiasi kidogo zaidi kufyekwa kwa misitu. Kwa sababu hiyo joto la dunia limepanda. Na hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hufyonza maji zaidi kutoka ardhini na majanini, kisha yanyeshapo, yaweza kunyesha kwa kishindo. Mkulima na mfugaji wa Usangu wanaishi ndani ya mabadiliko hayo, ingawa mchango wao katika kuyaleta ni mdogo sana.

2. Bonde la Usangu

Usangu ni uwanda mpana uliozungukwa na milima ya Kipengere na Uporoto upande wa kusini. Milimani hunyesha mvua nyingi. Uwandani mvua ni chache, mara nyingi milimita 500 hadi 700 kwa mwaka. Kwa hiyo uhai wa uwanda wategemea mito itokayo juu: Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingineyo. Maji hayo hukusanyika katika kinamasi kiitwacho Ihefu. Kwenye lango lake, mahali paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya kizingiti, mto hutiririka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, bwawa la Mtera na bwawa la Kidatu. Yakishuka chini ya kizingiti, mto hukatika, hata kama kinamasi bado kina maji.

Neema ya Usangu imewavuta wengi. Pamoja na Wasangu wenyewe wamo Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig na hata Wabaluchi. Kilimo cha mpunga kilikua mwaka hata mwaka. Serikali ilifungua shamba kubwa la Mbarali katika miaka ya 1970, na shamba la Kapunga likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila moja likiwa na hekta zipatazo 3,000. Kandokando yake wakulima wadogo walichimba mifereji yao. Wali wa Mbeya unaosifiwa mijini hutokana kwa sehemu kubwa na jasho la watu hawa.

Tangu mwaka 1993 mto ulianza kukatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na hali hiyo ikawa ya kawaida. Viboko walisongamana katika madimbwi yaliyosalia. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 umeme ulikuwa wa mgawo, kwa maana Mtera na Kidatu zilikuwa tegemeo kubwa la taifa. Nchi nzima ikauliza: nani amekula maji ya Ruaha?

3. Hukumu iliyotangulia ushahidi

Jibu lilipatikana upesi mno. Ilisemwa kwamba ni wafugaji: ng'ombe wao wamekanyaga Ihefu na kuikausha. Mwaka 1998 sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 2006 ilitolewa amri ya kuwaondoa wafugaji, na katika mwaka huo na ule uliofuata maelfu ya ng'ombe na familia zao walihamishwa, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mifugo mingi ilikufa njiani. Malalamiko yalikuwa mazito hata Serikali ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 2007. Mwaka 2008 eneo hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo kwa hiyo ilifikia kilomita za mraba zipatazo 20,000.

Je, mto ulirudi? Haukurudi. Ng'ombe waliondoka, na Ruaha Mkuu uliendelea kukatika kiangazi baada ya kiangazi. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ameuahidi ulimwengu kwamba ifikapo mwaka 2010 mto huo ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika na kupita, na ahadi haikutimia.

Hatusemi kwamba ng'ombe hawana madhara. Makundi makubwa hukanyaga kingo, hula malisho mpaka udongo ukabaki mtupu, na moto wa kuchipusha nyasi huunguza pasipostahili. Wala hatusemi kwamba hifadhi si kitu chema. Tunachosema ni kwamba kosa lililotajwa halikuwa limethibitishwa, na adhabu ilikuwa imekwisha kutolewa.

4. Waliopima waliona nini?

Jambo la kusikitisha ni kwamba ushahidi ulikuwapo. Kuanzia mwaka 1998 mradi ulioitwa SMUWC, kwa msaada wa Uingereza, ulichunguza bonde zima. Kuanzia mwaka 2001 ulifuata mradi wa RIPARWIN, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Chuo Kikuu cha East Anglia na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji. Walisoma vipimo vya mito, walitazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakapita mfereji kwa mfereji.

Waliona hivi. Kati ya mwaka 1958 na 2004, maji yaliyoingia katika kinamasi wakati wa kiangazi, kuanzia Julai hadi Novemba, yalipungua kwa asilimia 70 hivi. Eneo la kinamasi wakati huo wa kiangazi lilipungua kwa asilimia 40 hivi. Sababu kubwa ilikuwa maji yaliyochotwa na binadamu, hasa kwa kilimo cha umwagiliaji. Walikadiria pia kwamba, ili mto uendelee kutiririka hata kidogo tu katika hifadhi, yapaswa yaingie katika kinamasi mita za ujazo 7 kwa sekunde wakati wa kiangazi. Na hayo ni karibu mara mbili ya yaliyokuwa yakiingia.

Tusikimbilie sasa kumhukumu mkulima mahali pa mfugaji, maana tutakuwa tumerudia kosa lilelile. Waliopima waliona mengine yanayotufundisha. Kwanza, sehemu ya maji ya kiangazi iliyoingia mifereji haikukuza mazao yoyote; ilipotelea katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Pili, mifereji hiyohiyo ilikuwa ndiyo bomba la kijiji: akina mama walichota humo maji ya kupikia na kufulia, kwa sababu visima havikuwapo. Ukiufunga mfereji umemnyima mama maji ya nyumbani.

Tatu, na hapa tuangalie sana, mabanio ya zamani yalijengwa kwa miti, mawe na majani. Yalivuja. Kuvuja huko kulionekana kuwa upungufu, kumbe ndiko kulikompatia jirani wa chini fungu lake. Miradi ya maendeleo ilipojenga mabanio ya saruji yenye milango ya chuma, aliye juu aliweza kuuchukua mto karibu wote katika kiangazi. Na alipolipia kibali cha maji, alijiona ana haki ya kuyachukua yote aliyoyalipia, hata mto ulipokuwa umepungua. Hakuna aliyekusudia dhuluma. Lakini dhuluma ilijengwa kwa saruji.

Nne, kuhusu umeme, bwawa la Mtera hujazwa hasa na maji ya masika, na maji ya kiangazi kutoka Usangu ni machache mno kuweza kulijaza. Wachunguzi walionyesha kwamba namna maji ya mabwawa yalivyofunguliwa nayo ilikuwa na sehemu yake katika upungufu ule. Hata hivyo giza la mijini lilihesabiwa juu ya mchungaji wa ng'ombe.

5. Fundisho kutoka milima ya Mbeya

Pengine mtasema: basi dawa ni kupanda miti kila mahali. Hapa tena tupime kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki walichagua mabonde mawili madogo katika milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu wa asili, jingine lilikuwa na mashamba ya wanavijiji. Walipima mvua na vijito kwa miaka mingi. Wengi wangetarajia kijito cha mashambani kikauke. Ilikuwa kinyume: kilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi. Sababu ni kwamba mizizi mirefu ya msitu hunywa maji mwaka mzima, na udongo wa kule, uliotokana na majivu ya volkano, hunyonya mvua vizuri hata ukilimwa.

Je, tukate misitu? La hasha. Udongo wa namna ile haupatikani kila mahali. Kwingineko msitu ukiondoka, mvua hukimbia juu ya ardhi, hubeba udongo, na chemchemi hufa. Tena msitu uliokatwa huachia hewani kaboni iliyohifadhiwa kwa karne. Tunachojifunza ni kwamba maji na kaboni ni hesabu moja yenye safu mbili. Anayetazama safu moja tu hudanganyika. Siku hizi biashara ya kaboni imefika vijijini mwetu, na wapo wanaowaahidi wanakijiji fedha kwa kupanda miti. Huenda ni jambo jema. Lakini mikaratusi ikipandwa kando ya chemchemi, kaboni itaongezeka katika safu ya mwenye mradi, na maji yatapungua katika safu ya kijiji. Kabla ya kutia sahihi, kijiji kiulize: nani amepima kijito chetu, na nani atakipima baada ya miaka kumi?

Vyombo vya kupimia vimeendelea sana. Huko Yangambi, karibu na Kisangani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu mwaka 2020 upo mnara wa mita 55 uliosimama juu ya msitu, unaopima hewa ya ukaa na mvuke unaoingia na kutoka. Ni sawa na kuhesabu pumzi za msitu. Lakini si kila kipimo chahitaji mnara. Ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, ukisomwa kila asubuhi na kuandikwa daftarini kwa uaminifu, ni shahidi asiyehongwa.

6. Maandiko na mafundisho ya Kanisa

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, chakataza mtu kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja, na chawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii. Kupima mto ni kuitii amri hiyo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, awakemea kondoo wanono wanaokunywa maji safi kisha kuyachafua yaliyobaki kwa miguu yao, huku wadhaifu wakisubiri nyuma. Aliye juu ya mto na ajiulize kama neno hilo halimhusu.

Na katika Mwanzo, sura ya 26, twasoma jinsi watumishi wa Isaka walivyochimba visima na wachungaji wa Gerari wakavigombea. Kisima cha kwanza kikaitwa Eseki, yaani ugomvi. Cha pili Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakikugombewa, kikaitwa Rehobothi, kwa kuwa sasa palikuwa na nafasi kwa wote. Usangu imepita Eseki na Sitna. Bado haijafika Rehobothi.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990, alifundisha kwamba hapana amani kati ya watu pasipo amani na viumbe vyote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alisema wazi kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya binadamu, akaonyesha kwamba mateso ya dunia na mateso ya maskini hayatenganishwi.

7. Yatupasayo kutenda

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo shughuli nyingine zifuate. Mama mwenye ndoo na mto wenyewe wametangulia mbele ya shamba kubwa. Basi sheria hiyo isomwe katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ili kila mmoja ajue zamu yake.

Tuingie katika jumuiya za watumia maji, na tusiwaachie wenye mashamba makubwa peke yao. Tudai visima vya vijiji kabla ya kudai mifereji ifungwe. Tudai vipimo vya mto visomwe hadharani, na kila banio liwe na kiwango cha kuacha maji yapite. Watafiti wa Usangu walitengeneza mchezo wa ubao ulioinama: gololi ni maji, na vijiti ni mabanio. Wachezaji wa juu hukinga gololi zote, na wa chini hubaki mikono mitupu. Kisha hubadilishana nafasi. Hakuna hotuba inayofundisha kama hilo. Parokia yoyote yenye fundi seremala yaweza kuutengeneza.

Na amri ya kuwahamisha watu inapotangazwa kwa jina la mazingira, tuulize maswali matatu: nani amepima, amepima nini, na waathirika wameyaona matokeo? Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa utalii wa kusini mwa nchi uliohusisha pia Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2023 yalipelekwa malalamiko ya wanavijiji. Mwaka 2024 mradi ulisimamishwa, kisha ukafutwa. Sauti ya mnyonge ikitolewa kwa utaratibu na kwa ushahidi, husikika.

Wapendwa, mfugaji, mkulima, mama wa ndoo, kiboko wa Ruaha na mkazi wa mjini anayewasha taa, wote wanakunywa mto mmoja na kuvuta hewa moja. Mwenyezi Mungu atujalie bidii ya kuchunguza, ujasiri wa kusema tulichokiona, na moyo wa kugawana.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, nani hulaumiwa maji yanapopungua? Lawama hiyo imethibitishwa kwa kipimo gani?

2. Aliye chini yetu mtoni ni nani? Tumewahi kumtembelea wakati wa kiangazi?

3. Je, upo mradi wa miti au wa kaboni kwetu? Mkataba wake umesomwa mbele ya wanakijiji wote, wanawake kwa wanaume?

4. Nani katika jumuiya yetu aweza kuanza, wiki hii, kuandika daftari la mvua na la kijito?